Miaka 50 ya Kumfungia Mchawi Breki

Kaa kwa meza ya Dungeons & Dragons wiki tatu mfululizo na utasikia bishano moja ambalo haliishi. Mwenye upanga anasema mchawi ana nguvu kupita kiasi. Mwenye mchawi anajibu, wewe ngoja niishiwe na uchawi ndio uone vile naogopa panya. Na msimulizi, yule anayeendesha gemu nyuma ya kadibodi yake, anawatazama tu bila kusema kitu, juu anajua wote wawili wako sawa.

Ukiangalia juu juu utadhani ni ugomvi wa nambari, lakini swali lenyewe ni hili: mkiwa watu watano, na mmoja wenu amepewa uwezo wa kubadilisha dunia kwa maneno mawili, wale wanne wengine wamekuja kufanya nini? Jibu lako ndilo linaamua nani atarudi wiki ijayo na nani ataanza kusema ako bize.

Wengi wetu tuliijua hii gemu kupitia Stranger Things ya 2016, au tukaingia kupitia Baldur's Gate 3 ya 2023, kwa hivyo ni rahisi kudhani sheria za uchawi zilishuka zikiwa hivyo zilivyo. Wapi! Ni miaka 50 ya watu kuweka breki, kuzitoa, kugonga ukuta, na kuziweka tena. Na ukijua hiyo stori, utaendesha meza yako vizuri zaidi kuliko msee amekariri kitabu kizima.

Kwanza tuelewane maneno. Mchawi hapa si yule nyanya wa kijiji anayesingiziwa kila mtoto akiugua. Ni mhusika wa gemu. Uchawi mmoja mmoja nitauita tamko, kwa sababu hutamkwa. Ukubwa wa mhusika nitauita ngazi, na ukubwa wa tamko nitauita daraja. Kiingereza kilitumia neno lile lile kwa vyote viwili, na Gary Gygax mwenyewe alieleza kwenye kitabu cha 1978 kwamba aliwahi kufikiria kuyatenganisha kisha akaacha. Sisi hatuna sababu ya kuteseka pamoja naye.

Na tutabeba tamko moja safari nzima kama kipimo. Kwa Kiingereza linaitwa Knock. Kazi yake ni kufungua mlango uliofungwa. Mimi nitaliita Hodi.

Mchawi alizaliwa akiwa mzinga

Mwaka 1971, Gygax na Jeff Perren walitoa sheria za vita vya mezani zinazoitwa Chainmail. Unapanga askari wadogo wa enzi za mapanga na ngome, unarusha dadu, jeshi moja linapiga lingine. Nyuma ya kijitabu kulikuwa na sehemu ya majitu, mazimwi na wachawi. Mchawi wa pale anarusha mpira wa moto au radi, na kazi yake uwanjani ni ile ya mzinga mkubwa.

Kwa vita vya mezani hiyo haina shida, juu kila kitu kina bei ya pointi. Ukitaka mchawi, unapunguza askari. Mpinzani wako anaona hesabu na anaridhika.

Halafu akaja Dave Arneson wa Minnesota na kampeni yake ya Blackmoor, ambapo hauendeshi jeshi. Unaendesha mtu mmoja, unamfuata chini ya ardhi, anakua, anaumia, anarudi nyumbani na hazina. Hapo ndipo gemu mpya ilizaliwa, na hapo pia ndipo shida ilizaliwa. Bei ilipotea. Hakuna anayenunua jeshi tena. Kila mtu analeta mhusika mmoja. Mzinga umekaa kiti kimoja na jamaa wa upanga, na wote wanahesabiwa mtu mmoja mmoja.

Gygax alipaswa kutafuta bei mpya. Aliipata kwenye kitabu cha hadithi.

Mandazi matatu ya safari

Jack Vance alichapisha The Dying Earth mwaka 1950. Kwenye zile hadithi, uchawi ni kitu kizito ambacho mchawi anakishindilia kichwani kwa nguvu, na akishalitamka tamko, linafutika kabisa. Mchawi hodari anaweza kubeba manne ya yale makali zaidi, au sita ya yale mepesi. Akitaka tena, lazima arudi kwa vitabu vyake.

Gygax aliona breki hapo. Dungeons & Dragons ilipotoka mwaka 1974, kupitia kampuni yao ndogo ya TSR, nakala 1,000 za kwanza zikiwa kwenye maboksi yenye vijitabu vitatu, mchawi alipewa sheria ya Vance. Asubuhi unachagua utabeba nini. Ukishatumia, imeenda. Mchawi wa ngazi ya 1 alikuwa na tamko moja kwa siku. Moja! Baadaye, mwaka 1976, Gygax aliandika kwenye jarida la kampuni, The Strategic Review, akieleza kwa nini alichagua mtindo huo wa uchawi. Na gemu yenyewe haikumsahau aliyeikopesha: jina la Vecna, yule mfu mchawi mnayemjua kwa Stranger Things, ni herufi za Vance zikiwa zimepangwa upya.

Ile breki inafanya kazi hivi. Ni kama kubeba chakula cha safari. Umebeba mandazi matatu, ukala moja Naivasha, zimebaki mbili, na hazitageuka chapati kwa sababu umefika Nakuru na sasa unatamani chapati. Nguvu ya mchawi ni kubwa, lakini lazima abashiri siku yake kabla haijaanza.

Sasa lete Hodi. Lilikuwa ndani tangu 1974, tamko la daraja la 2. Mchawi akilibeba, ameacha kubeba kitu kingine. Akikuta mlango, ni shujaa. Asipokuta mlango, amebeba mzigo wa bure siku nzima. Hiyo ni bei halisi, na haikuhitaji hesabu yoyote ngumu.

Mwizi alichelewa kufika

Mwaka 1975 kikatoka kijitabu cha nyongeza, Greyhawk, na ndani yake mwizi: mhusika wa kufungua kufuli, kutegua mitego na kunyata. Ona mpangilio huo. Tamko la kufungua milango lilichapishwa kabla ya mtu ambaye kazi yake ni kufungua milango. Mwizi alifika kazini akakuta kuna msee tayari anaifanya.

Na alikuwa anaifanya vizuri zaidi. Kwenye sheria za 1978, mwizi wa ngazi ya 1 ana asilimia 25 ya kufungua kufuli. Anakosa mara tatu kati ya nne. Hodi halirushi dadu kabisa, mlango unafunguka.

Greyhawk hiyo hiyo iliongeza matamko hadi daraja la 9, wakati mwanzoni ya mchawi yaliishia la 6. Ili kumtuliza, ikampa dadu ya pande nne kwa uhai wake huku mpiganaji akipewa ya pande nane. Kwa hivyo breki ya pili ilikuwa unyonge: mchawi mchanga anaweza kuuawa na paka, na hii si mzaha wangu, wachezaji wamekuwa wakiisema miaka yote.

Breki ya tatu ilikuwa kuchelewa kupanda. Kwenye kitabu cha 1978, kufika ngazi ya 2 mwizi anahitaji pointi 1,251 za uzoefu, mpiganaji 2,001, na mchawi 2,501. Inaonekana haki, ama? Sasa shuka chini kwenye hiyo jedwali. Kufika ngazi ya 7, mpiganaji anahitaji 70,001 na mchawi 60,001. Breki imeteleza katikati ya safari, pale pale ambapo mchawi ameshaanza kuwa hatari.

Na hatari yenyewe ni hii. Mchawi wa ngazi ya 5 anarusha mpira wa moto wa dadu tano za pande sita. Wastani wake ni pointi 17 na nusu kwa kila adui aliyeko ndani ya moto. Wakiwa sita na wote wameshindwa kukwepa, hiyo ni 105 kwa zamu moja. Mwenye upanga wa dadu ya pande nane ana wastani wa 4 na nusu akipata. Anahitaji kupata zaidi ya mara 23 kufikia hapo. Hata ukimwongezea nguvu za mkono, bado anafukuza matatu kwa miguu.

Kwa hivyo mpango wa miaka ya sabini ulikuwa hivi: mchawi, teseka sasa utafurahia baadaye, mpiganaji, furahia sasa, baadaye utajua hujui. Kwenye karatasi inalingana. Mezani hailingani kamwe, kwa sababu kampeni nyingi hazifiki huko mbele, na zikifika, kuna mtu amekuwa mtazamaji kwa miezi. Huwezi kumlipa mtu wa leo kwa furaha ya mwaka ujao.

Moto unaorudi nyuma

Hata hivyo, Advanced Dungeons & Dragons ya miaka ya 1978 na 1979 ilikuwa na breki nyingine ambazo siku hizi watu wamezisahau, na mimi naona zilikuwa za akili kuliko zile za jedwali.

Kwanza, muda. Tamko lilichukua sehemu kadhaa za raundi kutamkwa, na ukigongwa kabla hujamaliza, limepotea. Hapo mpiganaji ana kazi ya maana: asimame mbele, azuie, anunue sekunde. Mchawi anamhitaji kweli kweli.

Pili, hatari. Mpira wa moto ulijaza nafasi ya futi za ujazo 33,000, karibu mita za ujazo 930, hata iweje. Uwanjani ni sawa. Lakini urushe ndani ya ujia wa chini ya ardhi wenye upana wa mita tatu na kimo cha mita tatu, na moto unahitaji kama mita 100 za ujia ili utoshee. Utatoka wapi? Utarudi kwako na kwa mabeshte zako.

Tatu, bei ya mwili. Tamko la kuwaongezea wenzako kasi, Haste, lilimzeesha kila aliyefaidika kwa mwaka mmoja. Utashinda vita, lakini umetoa mwaka wa maisha ya rafiki yako. Hebu jaribu kumwambia hivyo kabla hajakubali.

Unaona tofauti? Dadu ya uhai na jedwali la pointi zinampunguza mchawi. Moto unaorudi na mwaka unaopotea hazimpunguzi. Zinampa uamuzi wa kufanya, na uamuzi ndio stori watu watasimulia wakitoka hapo.

Shida yake? Kazi ya kuhesabu. Msimulizi alipaswa kupima ujia, kufuatilia sehemu za raundi, kukumbuka nani amebeba kinyesi cha popo, juu ndicho kilihitajika kwa mpira wa moto. Meza nyingi ziliziruka hizo sheria, na breki usiyoifunga ni chuma tu kinachoning'inia chini ya gari.

Majirani walikuwa na majibu yao

Wakati huo huo, watu wengine walikataa mandazi ya Vance moja kwa moja.

Ken St. Andre wa Arizona alitoa Tunnels & Trolls mwaka 1975. Pale uchawi unalipiwa kwa nguvu za mwili wako: ukitamka sana, unachoka. RuneQuest ya 1978 ikatumia pointi za nguvu za kiroho, na ikampa kila mtu mlango wa uchawi, hata askari wa kawaida. Hiyo ni njia nyingine kabisa ya usawa: usimpunguze mchawi, wape wote kidogo kidogo.

Call of Cthulhu ya Sandy Petersen, mwaka 1981, ikaja na bei kali kuliko zote. Kutumia uchawi kunakula akili yako timamu. Na ikiisha, mhusika wako ameenda. Hakuna anayelalamika ati mchawi ana nguvu sana kwenye hiyo gemu, kwa sababu hakuna anayetamani kuwa yeye.

Lakini jibu ninalolipenda ni la Ars Magica, mwaka 1987, ya Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen. Wao walisema wazi: mchawi ana nguvu kuliko wote, mwisho wa maneno. Halafu wakabadilisha meza badala ya kumbadilisha mchawi. Kila mchezaji ana mchawi wake, ana msaidizi wake, na kuna kundi la walinzi ambao yeyote anaweza kuwaendesha. Leo mchawi wako anatoka, wangu amebaki na utafiti wake, na mimi nacheza mlinzi wa lango. Wiki ijayo tunabadilishana. Wahusika hawako sawa hata kidogo, ila wachezaji wako sawa. Shika hiyo, tutairudia.

Mwaka 2000: breki moja moja zikatolewa

TSR ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na mwaka 2000 likatoka toleo la tatu. Mmoja wa waandishi wakuu alikuwa Jonathan Tweet yule yule, pamoja na Monte Cook na Skip Williams. Lilikuwa toleo safi, lenye mantiki, na naelewa kwa nini watu walilipenda.

Ila angalia kilichotokea kwa breki. Pointi za kupanda ngazi zikawa sawa kwa wote, kwa sababu jedwali tofauti zilikuwa usumbufu. Kugongwa ukitamka hakukuwa tena hukumu. Unarusha dadu ya umakini, au unarudi hatua moja nyuma ndio uanze. Mpira wa moto uliacha kujaza ujia, kwa sababu nani anataka kupiga hesabu za mita za ujazo Ijumaa usiku? Haste iliacha kuzeesha, na ikatoa kitendo cha ziada kila raundi. Mchawi alikitumia kwa nini? Kutamka tamko la pili, bila shaka.

Kila breki ilitolewa kwa sababu nzuri. Hakuna mtu aliyekaa chini akasema tumharibie mwenye upanga. Walikuwa wanaondoa kero, na kero nyingi zilikuwa ndizo breki.

Na Hodi? Toleo la tatu lilirahisisha kutengeneza fimbo za uchawi. Fimbo ya Hodi yenye matumizi 50 iligharimu dhahabu 4,500. Kwa hivyo mchawi hachagui tena kati ya Hodi na kitu kingine asubuhi. Ananunua milango 50 mara moja, anaiweka mfukoni, na ile nafasi kichwani anabeba kitu kingine. Mandazi yamekuwa duka la jumla. Mwizi aliyewekeza maisha yake kwenye kufuli ameshindwa na kijiti.

Mwaka 2003 likatoka toleo la 3.5 na marekebisho. Haste ikapunguzwa hadi shambulio moja la ziada, si tamko la pili. Ilisaidia, lakini mchawi wa ngazi ya 20 bado alikuwa na nafasi nne kwa kila daraja kuanzia la 1 hadi la 9. Hizo ni 36 kwa siku, bila kuhesabu ziada za akili nyingi wala fimbo. Na meza nyingi zikajifunza ujanja: tumia kila kitu pambano la kwanza, halafu piga kambi mlale. Siku ya gemu ikawa dakika 15.

Mwaka 2008: wote sawa, na watu wakakasirika

Toleo la nne lilichukua lile swali kwa uzito kuliko lolote kabla yake. Kila mhusika, awe wa upanga au wa fimbo, akapewa uwezo wa aina tatu: wa kutumia kila mara, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Uchawi wa kuruka vikwazo ukatolewa vitani na kuwekwa kwenye orodha ya ibada ndefu. Hodi ikawa ibada ya dakika 10 inayokula pesa. Mwizi akarudi mlangoni akiwa na maana, kwa sababu yeye hufungua sasa hivi na bure.

Kwa hesabu, ilikuwa dawa. Kwa moyo, wengi walikataa. Walisema kila mtu anahisi sawa, ati mpiganaji naye ana kama matamko. Mwaka 2009 Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya sheria za 3.5, na umati mkubwa ukahamia huko: kule kule ambako mchawi alikuwa amevunja gemu.

Hapo kuna somo ambalo hata wanaolipenda toleo la nne, na wapo wengi, hawawezi kuliruka. Watu hawataki usawa wa kufanana. Anayechagua upanga anataka dunia yake ihisi tofauti na ya fimbo. Anachokataa ni kukaa bila kazi.

Hodi yenye kelele

Toleo la tano, 2014, ndilo wengi wetu tunacheza. Lilirudisha nafasi za matamko lakini likazikata: mchawi wa ngazi ya 20 ana 22 badala ya zile 36, na ya daraja la 9 ni moja tu. Likampa uchawi mdogo mdogo usioisha, ndio asikae zamu nzima akirusha kisu. Na likaleta breki ninayoiona bora kuliko zote za kisasa: umakini. Matamko mengi yanayodumu, kama kuruka au kutoonekana, yanahitaji uyashikilie akilini, na unaweza kushikilia moja tu kwa wakati. Ukigongwa, rusha dadu au lipotee. Yaani mpiganaji amerudishiwa kazi yake ya 1978: asimame mbele, azuie.

Halafu uone walivyofanya Hodi. Bado linafungua bila dadu. Hawakupunguza chochote. Waliongeza kitu kimoja: likitamkwa, linatoa mgongo mkubwa wa kubisha unaosikika futi 300, kama mita 90. Basi! Mlango umefunguka na kila mlinzi wa ngome anajua. Mwizi anafungua polepole na anaweza kukosa, ila hakuna anayesikia. Sasa mezani kuna mazungumzo: tuna haraka au tuna siri? Ilichukua miaka 40 kufika kwa sentensi moja.

Si ati kila kitu kilipona. Mwongozo wa msimulizi wa 2014 unapendekeza dadu sita za pande sita kwa tamko la daraja la 3 linalopiga wengi, na mpira wa moto una nane. Waliruka mwongozo wao wenyewe, na hakuna aliyeandamana, juu mpira wa moto ni mpira wa moto. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hesabu nzima inadhani kundi linaweza kupitia mapambano sita hadi manane kwa siku moja ya gemu. Meza yako inafanya mangapi? Mawili? Moja? Basi mchawi wako hajawahi kuishiwa, na unamlaumu kitabu bure. Marekebisho ya 2024 yameongeza vikomo vingine, kama kutotumia zaidi ya nafasi moja ya tamko kwa zamu, lakini hakuna kitabu kinachoweza kukuhesabia siku zako.

Sasa wewe ufanye nini

Maoni yangu, na hapa tunaweza kubishana: miaka 50 inaonyesha kwamba kupunguza nambari ndiyo breki dhaifu kuliko zote. Punguza dadu za moto na mchawi atahamia kwenye kuruka, kutoonekana, kuhama mahali. Uharibifu si damu anayomwaga. Ni kazi za wengine anazozifanya.

Kwa hivyo kabla uguse tamko lolote, uliza linachukua kazi ya nani. Likichukua, liache lifanye kazi, lakini lipe madhara ambayo yule mwenye kazi hana. Kelele. Muda. Harufu. Deni kwa mtu fulani. Pili, rekebisha siku kabla ya kurekebisha mchawi. Weka sababu ya kutolala: mateka anayehamishwa kukicha, mto unaojaa. Tatu, kumbuka Ars Magica: pima wachezaji, usipime wahusika. Hesabu leo nani alipata nafasi ya kuamua jambo. Kama kuna msee amekaa masaa mawili akisema tu "napiga", usawa umeshavunjika hata kama nambari ziko sawa.

Na usiseme vitabu ni ghali. Ni ghali, kweli, lakini tangu Januari 2023 sheria za msingi za toleo la tano ziko wazi chini ya leseni ya Creative Commons. Unaweza kuzisoma, kuzibadilisha, kuandika gemu yako na hata kuiuza bila kumwomba mtu, mradi umetaja chanzo.

Ukiandika, usianze na jedwali. Kiswahili kina neno ambalo Gygax angelihitaji sana: mwiko. Dawa ina mwiko wake. Anayeitumia anaambiwa usile hiki, usivuke kile, usigeuke nyuma. Hata Fumo Liyongo, ambaye silaha nyingine zote zilimshindwa, alikuwa na sindano ya shaba na kitovu. Hakuna aliyesema hilo linampunguza Liyongo. Bila ile sindano hakuna hadithi, kuna jamaa tu asiyekufa.

Mpe mchawi wako nguvu zote anazotaka. Halafu mpe mwiko mmoja, na umwambie wa upanga ndiye anayeulinda.